Cheti cha Uhuni wa Barabarani

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Nachingwea, Ruangwa na vijiji vilivyo kati yake, wenye magari, wanaotarajia kuwa na magari, na wale wa kuomba lifti tu, kwamba kuanzia tarehe mosi hakuna mtu atakayeruhusiwa kuendesha gari lisilofanana na tabia yake.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Naitwa Imrani, Afisa Ulinganifu Daraja la Pili. Daraja la Kwanza halina mtu. Limeachwa wazi ili linitie moyo.

Ofisi ya Ulinganifu wa Madereva na Magari ilikuwa na watu watatu. Kulikuwa na Mwenyekiti, Ndugu Masoudi Mbaruku. Kulikuwa na mimi. Na kulikuwa na Lusiana, katibu muhtasi, ambaye muhuri wa ofisi aliutunza ndani ya mkoba wake kwa kuwa droo yetu ilikosa kitasa. Chumba kilikuwa kimoja, Nachingwea mjini, nyuma ya ghala la mazao. Msimu wa korosho tulipiga chafya, msimu wa ufuta tuliteleza.

Wazo lenyewe Mwenyekiti alilitoa Dodoma, kwenye semina ya siku nne. Siku ya tatu, wakati wa chai, aliwasikia watu wawili wakisema kwamba ukitaka kumjua mtu, tazama gari lake. Wale watu waliendelea na maandazi yao. Mwenyekiti alirudi nyumbani akaandika Mwongozo wa kurasa sitini na nne.

Mwongozo ulikuwa hauna kona. Mwenye Crown ana maneno mengi na suti moja. Mwenye IST amenunuliwa gari na mtu, na swali ni nani. Mwenye Alphard anakwenda harusini au anatoka. Mwenye V8 ni mheshimiwa: mtu mzima, mpole, mwenye mashavu. Na mwenye Subaru ya turbo ni mhuni. Umri wake hauzidi thelathini, kofia ameigeuza nyuma, muziki wake unatikisa vioo vya maduka, na breki amezisikia kwa watu.

Kazi ilianza vizuri. Fundi cherehani mmoja wa Naipingo alikutwa na Crown huku akiwa mkimya. Tulimpa wiki mbili akajifunze kujisifu. Aliporudi alitueleza kwamba suruali zake zinavaliwa mpaka Ulaya, tena na watu wakubwa, na kwamba asingependa kuwataja. Tukampa stika siku hiyohiyo.

Halafu akaja Mwalimu Hafidha.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Tulisikia mngurumo uani, mngurumo wa simba aliyeambiwa asubiri. Nikatoka. Subaru ya bluu yenye rimu za rangi ya dhahabu, tundu juu ya boneti na bawa nyuma ilikuwa inaingia getini kwa mwendo wa mtu aliyebeba uji wa moto. Ilisimama. Iliwasha taa ya kuegesha. Kwenye bawa palianikwa kanga mbili, zimebanwa kwa vibanio ili zisipeperuke, ingawa kwa mwendo ule zisingepeperuka.

Akashuka mwanamke wa miaka sitini na mitatu, miwani imefungwa kamba shingoni. Nani asiyemjua? Alifundisha hesabu shule za msingi miaka thelathini na saba, kisha akastaafu akarudi kulima korosho na ufuta kwao Matambarale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata ile stika yenu. Kule njiani wameniambia bila stika sipiti."

"Stika ya gari gani?"

"Hili."

"Na dereva yuko wapi?"

"Si mimi huyu?"

Nikamkaribisha ndani, nikafungua Mwongozo, ukurasa wa thelathini na moja.

"Mwalimu, samahani, ni swali la kiofisi tu. Wewe ni mhuni?"

Akafikiri. Mwalimu wa hesabu hajibu kwa pupa.

"Hapana. Mwaka themanini na nne nilimjibu vibaya mkaguzi wa elimu, ila nilimwomba radhi."

"Kofia unayo?"

"Ninayo, ya ukindu. Ya shambani."

"Unapoivaa, inatazama wapi?"

"Inatazama pande zote, Imrani. Ni ya duara."

Lusiana akaandika kwenye fomu: *duara*.

Nikamuuliza kwa nini, kati ya magari yote ya duniani, alichagua lile. Akaeleza kwamba dada yake, Bi Zaina, anayeishi Naipingo, alivunjika nyonga mwaka jana, na kila Jumatano lazima afike kliniki ya Nachingwea kufanyishwa mazoezi. Mvua ikinyesha, barabara ya kwao inageuka uji. Alihitaji gari linalovuta kwa matairi yote manne.

"Yako mengi yanayovuta kwa manne," nikasema. "Mengine yana sura ya heshima."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Nililiona nikalipenda. Basi. Miaka thelathini na saba nimepanda nyuma ya pikipiki za watu, nimekumbatia migongo ya watoto niliowafundisha kujumlisha. Wakati wa kuchagua ulipofika, nikachagua."

"Lakini unaliendesha polepole."

"Ndiyo. Ila najua linaweza. Hilo linanitosha."

Hapo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Mwenyekiti. Mngurumo ule ulikuwa umemtoa kwenye chai. Alipita katikati yetu bila kutuona, akaenda moja kwa moja uani. Akalizunguka gari mara mbili. Akaligusa bawa kwa nyuma ya vidole, jinsi mzazi anavyopima homa ya mtoto.

"Wewe si Masoudi?" Mwalimu akamwuliza kutoka mlangoni. "Masoudi Mbaruku wa la nne B?"

Mwenyekiti akageuka, mikono ikaenda nyuma yenyewe. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ulikuwa hujui saba mara nane."

"Nilijifunza, Mwalimu."

"Ngapi?"

"Suala hilo," akasema Mwenyekiti, "bado liko kwenye mchakato."

Akaamuru upimaji wa barabarani ufanyike papo hapo.

Kwa asiyejua taratibu zetu, upimaji unakwenda hivi. Afisa anakaa mbele, katibu anakaa nyuma na fomu. Kila tendo la kihuni lina alama zake. Kuweka kiwiko dirishani, alama moja. Kutimulia vumbi nguo zilizoanikwa, tatu. Kumpita mwenzio kwenye kona, tano. Kutukana abiria wa gari jingine, mbili, na ukitaja ukoo wake, nne. Mwenye Subaru anatakiwa kupata alama arobaini. Chini ya hapo gari limemzidi tabia.

Mwalimu Hafidha alituendesha mpaka Naipingo na kurudi. Tulimchukua na Bi Zaina njiani, akaketi nyuma na Lusiana, mguu ameunyoosha, mapajani kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini. Mwalimu alisimama kupisha mbuzi. Alisimama kupisha mwenye mbuzi. Kwenye kila tuta alisema "Bismillahi" na gari likapanda na kushuka bila mtu kutikisika. Bodaboda alitupita akapiga kelele, "Oya, Mwalimu, hicho chuma! Kandamiza!" Mwalimu akampungia mkono na kumwuliza mama yake hajambo.

Alipata alama mbili. Zote kwa kumpita mtu wa baiskeli, naye alikuwa ameegesha pembeni akinywa maji.

"Mbili kwa arobaini," Mwenyekiti akasema niliporipoti. Alikuwa dirishani, macho uani. "Hii ni asilimia ngapi?"

"Tano," Mwalimu akajibu kutoka nje.

Kesho yake Mwenyekiti alitoa Waraka wa Nyongeza. Nao niliuandika mimi, yeye akinisomea. Waraka ulisema kwamba gari lililomzidi mtu tabia lisiachwe likateseka. Litachukuliwa na ofisi, na litatunzwa na mtumishi mwenye tabia inayolifaa, mpaka mwenyewe atakapojirekebisha. Mwalimu Hafidha alipewa miezi sita ya kuwa mhuni.

Mimi ndiye niliyetumwa Matambarale kuchukua ufunguo. Nilimkuta anachambua mbaazi. Aliusoma waraka mara mbili, akanirudishia.

"Kuna kosa la tahajia aya ya tatu," akasema. "Na Zaina je? Jumatano?"

"Waraka haumtaji, Mwalimu."

Hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo umefungwa kwenye kitambaa, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akaenda kuzianua kanga zake kwenye bawa, kibanio kimoja kimoja, akazikunja. Nimetumikia ofisi za watu miaka kumi na tano na sijawahi kutamani mtu anitukane kama nilivyotamani siku ile.

Jumatano iliyofuata nilimwona Bi Zaina sokoni Nachingwea. Alikuwa amekaa upande nyuma ya bodaboda, ameuma ncha ya kanga. Kwenye kila shimo alifumba macho. Mwalimu alikuwa kwenye bodaboda ya nyuma, anamwambia dereva wa mbele, "Polepole, baba. Polepole." Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Huku ofisini palikuwa na kikwazo. Mwenyekiti alikwishakaa ndani ya Subaru, akashika usukani, akajitazama kwenye kioo upande wa kushoto na wa kulia. Lusiana akakohoa.

"Mheshimiwa, Waraka unasema mtunzaji awe na tabia inayolifaa."

"Ndiyo."

"Wewe kwenye daftari letu ni V8. Mtu mzima, mpole, mwenye mashavu."

Mwenyekiti akayagusa mashavu.

"Tunaweza kuruka kipengele hicho," nikasema, nikiogopa.

"Turuke?" Akanitazama kama nimetema mate msikitini. "Imrani, mimi niruke sheria niliyoitunga mwenyewe? Wananchi watatuonaje? Nipimeni. Nami nipimwe kama raia yeyote."

Sitasema Mwenyekiti hakuwa na mapungufu, lakini unyofu wa siku ile niliushuhudia.

Upimaji ulifanyika Jumatatu asubuhi, Nachingwea hadi Ruangwa, na kutoka Ruangwa hadi Nanganga iwapo alama hazitatosha. Mwenyekiti alikuja na kofia ya chama cha ushirika, akaigeuza nyuma. Ilimbana. Lusiana aliketi nyuma na fomu, muhuri na wino. Mimi nilikaa mbele na nikafunga mkanda mara mbili, wa kwanza wa gari na wa pili wa suruali.

Alianza vibaya, namaanisha alianza vizuri. Miaka mingi ya kuheshimiwa ilikuwa imemharibu. Kwa kila aliyempungia alipunguza mwendo naye ampungie. Kwenye kijiji cha kwanza alisimama akauliza hali ya mvua. Tulipokata kilomita kumi alikuwa na alama nne, tatu kati ya hizo za vumbi, nalo lilikuwa la upepo.

"Ngapi?" akauliza.

"Nne, Mheshimiwa."

"Nifanyeje?"

"Toa kiwiko," Lusiana akashauri.

Akatoa kiwiko. Tano. Akakumbuka muziki, akabonyeza redio. Ndani yake kulikuwa na flashi ya Mwalimu, na wala haikutoka, tulijaribu. Mwalimu alikuwa amerekodi watoto wa darasa la mwisho alilofundisha kabla ya kustaafu, wakiimba majedwali ya kuzidisha. Mwongozo ulisema muziki utikise vioo vya maduka. Haukusema ni muziki gani. Mwenyekiti akafungua sauti mpaka mwisho.

Tukaingia Ruangwa. *Saba mara sita! Arobaini na mbili!* Kuku walitawanyika. *Saba mara saba! Arobaini na tisa!* Mwenyekiti alimpita mwenye toroli la mihogo kwenye kona, akakanyaga tuta bila kuliona, tukaruka wote watatu na muhuri. Mama mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka aliinua ufagio. "Mzee mzima, huoni haya!" Mwenyekiti akatoa kichwa nje kumtukana. Lakini mdomo wake ulikuwa haujui njia. "Wewe... wewe ni... hujapanga bidhaa zako vizuri!" akapiga kelele.

"Hilo ni tusi au ushauri?" Lusiana akaniuliza.

Tukampa moja.

*Saba mara nane! Hamsini na sita!*

"Hamsini na sita!" Mwenyekiti akanguruma, akapiga usukani kwa furaha. "Kumbe hamsini na sita!"

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Tulipoishika lami ya kuelekea Nanganga, alikandamiza. Gari lililopelekwa kama uji wa moto tangu lifike kwetu lilishusha pumzi, likainama nyuma, likaenda. Miti ya mikorosho ikawa ukuta. Mashavu ya Mwenyekiti yalirudi masikioni. Alilipita lori, akalipita basi, akakipita kitu ambacho mpaka leo sijajua kilikuwa nini. Alikuwa anacheka, kicheko cha la nne B, na machozi yalimtoka yakaenda kwa nyuma. Mimi nilisoma dua zote ninazozijua, zilipokwisha nikaanza na za Lusiana, ambaye ni Mkatoliki.

"Arobaini na moja!" Lusiana akapiga kelele. "Mheshimiwa, umefaulu! Unaweza kupunguza!"

Akapunguza, akasimama pembeni.

"Nipeni cheti changu," akasema. "Hapahapa. Kimepatikana kwa jasho."

Nikakijaza juu ya goti. *Inathibitishwa kwamba Ndugu Masoudi Mbaruku, baada ya kupimwa kwa haki, amebainika kuwa Mhuni wa Barabarani Daraja la Kwanza, na kwamba amelipita lori kwenye mstari usiokatika, amekaidi matuta sita, na amefikia mwendo wa kilomita mia na sitini kwa saa.* Alisisitiza mwendo uandikwe. Nikasaini. Lusiana akagonga muhuri. Mwenyekiti akaweka sahihi yake ya kukubali matokeo, akakibusu.

Dakika tano baadaye, karibu na njia panda ya Nanganga, askari wa usalama barabarani aliinua mkono. Alikuwa Sajenti Winfrida, mwanamke mrefu, tochi ya kupimia mwendo ikiwa kwenye mkono mwingine.

"Habari ya safari, mzee?"

"Nzuri, afande. Sisi ni ofisi."

"Ofisi inakimbilia wapi?"

"Tulikuwa kazini. Kazi imekwisha sasa."

"Tochi yangu imekusoma mia moja na tatu. Na hapo nyuma madereva wawili wamenipigia simu kuhusu Subaru inayoimba hesabu." Akainama kidogo. "Leseni."

Mwenyekiti akajipapasa. Leseni ilikuwa kwenye suti, na suti ilikuwa nyumbani, kwa kuwa wahuni hawavai suti. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kila mtumishi angelifanya. Alitoa karatasi yenye muhuri.

"Soma hii, afande. Utaelewa unazungumza na nani."

Sajenti Winfrida akaisoma. Akaisoma tena. Akamwita mwenzake, naye akaisoma.

"Mzee, hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiari yako?"

"Niliiomba mwenyewe."

"Na hawa wawili?"

"Mashahidi," akasema Mwenyekiti kwa kujiamini. "Watumishi wenye kiapo."

Sajenti alivua kofia yake, akajipepea.

"Nina miaka kumi na moja barabarani," akasema. "Kila ninayemsimamisha huniambia anawahi msiba. Sijawahi kuletewa kosa limechapwa, limehesabiwa, limesainiwa na mashahidi wawili, na muhuri umekaa sawa." Akaikunja ile karatasi kwa heshima, akaitia kwenye jalada. "Asante sana, mzee. Umenipunguzia kazi ya wiki nzima."

Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikalitazama lori tulilolipita, sasa likitupita.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu, na mimi utaratibu naupenda. Mwenyekiti aliandikishwa maelezo, akaambiwa afike mahakamani Alhamisi, na asiguse usukani mpaka hapo. Sajenti akauliza gari ni la nani. Nikatoa Waraka. Akausoma, akauliza umetungwa chini ya sheria ipi. Nikamwambia ukurasa wa thelathini na moja. Akauliza wa nini. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu niligundua kwamba sijui. Nikafikiria ncha ya kanga mdomoni mwa Bi Zaina, nikasema, "Afande, hili gari lina mwenyewe, na hakuna kosa alilofanya. Nina namba yake."

Mwalimu Hafidha alifika mchana, amepanda bodaboda, kofia ya duara kichwani. Sajenti alimpa ufunguo, akampigia saluti. Baadaye nilisikia kwamba naye alifundishwa hesabu na mtu aliyefundishwa na Mwalimu. Mwalimu alilizunguka gari, akalipigapiga ubavuni, akasukuma kiti mbele.

"Pandeni," akatuambia. "Wote. Masoudi, kaa mbele."

Kutoka Nanganga mpaka Ruangwa, kwa kilomita thelathini kwa saa, kuna muda wa kutosha mtu kuyapitia maisha yake mara mbili. Mwenyekiti alikaa kofia mapajani. Baiskeli ilitupita. Tulivuka kijiji cha tatu. Hapo Mwalimu, macho mbele, mikono miwili kwenye usukani, akashusha sauti.

"Masoudi."

"Naam, Mwalimu."

"Lilifika ngapi?"

"Mia na sitini, Mwalimu."

"Na lilitulia?"

"Lilitulia kama limelala."

Mwalimu Hafidha alitabasamu mpaka Ruangwa, na kwenye lami iliyonyooka kabla ya mji nina hakika mshale ulifika thelathini na nane.

Mahakamani kesi ilichukua dakika tisa, kwa kuwa ushahidi wote tulikwishauandaa sisi. Mwenyekiti alitozwa faini, akafungiwa leseni mwaka mzima. V8 ilibaki uani, kuku wa jirani wakataga chini yake. Alikuja kazini kwa bodaboda, na madereva waligombania kumpakia. "Mzee wa mia na sitini!" walimwita. Waraka wa Nyongeza niliufuta mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Mwalimu nilimpelekea stika mpaka Matambarale, na kwenye nafasi ya tabia niliandika: *anajua linaweza*.

Jambo lingekwisha hapo kama makao makuu yasingetuandikia. Walitaka kujua, tangu ofisi ianzishwe, ni wahuni wangapi tumewabaini na kuwafikisha mbele ya sheria, na majina yao. Mimi sidanganyi kwenye fomu. Nikajaza: *Mmoja. M. Mbaruku.* Nikaituma.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwenye bahasha kubwa. Mwenyekiti aliniomba nimsomee kwa sauti, Lusiana akiwepo. Makao makuu yalikuwa yamefurahi. Ofisi nyingine zote zilibaini wahuni mia mia na hazikumfikisha mahakamani hata mmoja. Sisi tulimbaini mmoja na tukamfikisha. Yalimpongeza Mwenyekiti kwa ujasiri wa kupambana na mhuni sugu katika mazingira magumu. Yaliagiza ipelekwe haraka, kwa ajili ya kalenda ya mwaka ujao, picha moja ya rangi inayomwonyesha Mwenyekiti akipeana mkono na mhuni huyo baada ya kurekebika.

Mwenyekiti aliichukua barua, akaisoma tena mwenyewe. Kisha akainuka, akavaa koti la suti, akafunga vifungo, akatoka uani penye mwanga mzuri. Lusiana akatoa simu, akarudi nyuma hatua tatu.

Mwenyekiti akakunjua mkono wa kulia, akautazama, akautazama wa kushoto.

"Imrani," akaniuliza, "mimi nasimama upande gani?"